Je, Mbaya Alizaliwa Mbaya?

Somo fupi juu ya visa vya kabla
Na mwanafunzi wa kidato cha sita, Bukoto



Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa sisi wa kidato cha sita kazi ambayo kwanza tuliicheka. Alisema, "Kila mmoja achague hadithi moja ya watoto anayoijua tangu utotoni, kisha aandike yaliyotokea kabla ya ukurasa wake wa kwanza." Tulidhani ni kazi ya kipindi kimoja. Mimi ilinichukua muhula mzima pamoja na likizo yake, na mara ya kwanza niliiandika vibaya. Katika makala haya nataka kueleza kwa ufupi visa vya namna hii ni nini, utamu wake uko wapi, hatari yake ni ipi, na kosa langu lilikuwa nini, ili wenzangu watakaopewa kazi hii mwaka ujao wasianguke pale nilipoanguka mimi.

KISA CHA KABLA NI NINI?

Kisa cha kabla ni hadithi iliyoandikwa baadaye, lakini mambo yake yalitangulia. Ni kama mtu aliyeijua nyumba tangu zamani, kisha siku moja akaonyeshwa msingi wake.

Mfano ulio wazi ni vitabu vya C. S. Lewis, ambavyo wengi wetu tumevisoma. Mwaka 1950 alitoa kitabu kiitwacho The Lion, the Witch and the Wardrobe. Humo watoto wanne wanapita ndani ya kabati la nguo na kutokea katika nchi ya Narnia, ambayo malkia mchawi ameifunga katika baridi isiyokwisha. Msomaji akimaliza hubaki na maswali. Kabati lile lilipata wapi nguvu zake? Nguzo ya taa ilisimamaje peke yake katikati ya msitu? Na yule mchawi alitoka wapi?

Majibu yalikuja mwaka 1955 katika kitabu kingine, The Magician's Nephew. Kabati lilitengenezwa kwa mbao za mti uliomea kutokana na tunda la Narnia. Taa ilimea ardhini kutokana na kipande cha chuma kilichotupwa siku nchi ile ilipoumbwa. Na mchawi aliamshwa usingizini na mvulana aitwaye Digory, aliyegonga kengele kwa udadisi tu, ijapokuwa rafiki yake Polly alimkataza. Basi ubaya wote wa kitabu cha kwanza uliingia kwa mkono wa mtoto ambaye hakukusudia ubaya. Nawaomba wasomaji walikumbuke jambo hili, maana nitalirudia.

UTAMU WAKE UKO WAPI?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa mwisho unajulikana, kwa nini tusome? Jibu ni kwamba swali limebadilika. Katika hadithi ya kawaida msikilizaji huuliza, "Ikawaje?" Katika kisa cha kabla anajua tayari ikawaje, naye huuliza, "Ilianzaje?" Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hadithi ya zamani hutuonyesha ukuta ulioanguka. Kisa cha kabla huturudisha siku ufa ulipokuwa mwembamba kama unywele, na watu wakapita mbele yake wasiuone.

Jambo hili nililiona kwa macho yangu katika kibanda cha sinema, si mbali na hapa Bukoto, upande wa Kamwokya. Kwa faida ya wasomaji walio mbali na Kampala, niseme kwamba katika vibanda vyetu sinema za kigeni huwa na mfasiri, tunayemwita VJ, ambaye sauti yake ya Kiganda huwekwa juu ya maneno ya wachezaji, naye huongeza chumvi yake mwenyewe. Siku ile ilionyeshwa Mufasa, sinema iliyotoka Desemba 2024 na kuongozwa na Barry Jenkins. Hii ni kisa cha kabla cha hadithi ya The Lion King, iliyotoka kwanza mwaka 1994, ambayo karibu kila mtoto wa mjini ameiona. Katika ile ya 1994 twajua kwamba Scar anamwua nduguye mfalme Mufasa kwa kumtupa bondeni mbele ya nyumbu wanaokimbia.

Sinema mpya yaanza Mufasa akiwa mtoto. Mafuriko yanamchukua, anapotezana na wazazi wake, naye anaokolewa mtoni na mtoto mwenzake aitwaye Taka, mwana wa mfalme. Taka anafurahi kumpata ndugu wa kucheza naye. Wakakimbia pamoja, na sisi tukawa tunacheka pamoja nao. Ndipo mzee mmoja muuza chapati aliyekaa nyuma yangu akasema polepole, "Laiti angalijua!" Kibanda kizima kikanyamaza. Maana Taka ndiye atakayekuja kuitwa Scar. Mzee yule hakusema ni nani kati ya wale wawili ambaye angalijua, wala hapakuwa na haja. Neno lake liliwafaa wote wawili.

Sisi tunaojifunza Kiswahili twapata faida mbili zaidi katika sinema hii. Ya kwanza ni jina. Kwa Kiswahili taka ni uchafu wa kufagiliwa, na tena ni mzizi wa neno kutaka. Hivyo msikilizaji wa Kiswahili huonywa mapema: huyu ni mwana atakayetaka mno, kisha atajiona ametupwa. Anautaka ufalme, anamtaka Sarabi, anataka sifa za ushujaa, na kila kimoja kinakwenda kwa Mufasa. Ya pili ni neno ndugu. Mwenzangu mmoja darasani alilalamika kwamba watunzi wamedanganya, kwa sababu sinema ya 1994 iliwaita hao ndugu, na hii ya 2024 yasema hawakuzaliwa tumbo moja. Nikamjibu kwamba kwa Kiswahili hakuna uongo hapo. Ndugu ni yule mnayelelewa naye na kushirikiana naye, hata kama kila mmoja ana mama yake. Na ndiyo sababu usaliti wa Taka unauma zaidi: damu haikuwalazimisha kupendana, walichagua wenyewe.

HATARI YAKE NI IPI?

Hatari ya visa hivi ni kwamba mwandishi akikaa sana na mbaya humpenda, na akimpenda humtafutia udhuru. Hapo ndipo wengi huteleza.

Tuchukue hadithi ya Oz. Mwaka 1900 Mmarekani L. Frank Baum alitoa kitabu cha watoto juu ya msichana Dorothy aliyechukuliwa na kimbunga mpaka nchi ya Oz. Humo yumo mchawi mbaya wa Magharibi, ambaye Dorothy anammwagia ndoo ya maji naye anayeyuka. Baum hakumpa mchawi huyo hata jina. Ni mbaya tu, kama fisi wa hadithi zetu. Miaka 95 baadaye, yaani 1995, Gregory Maguire aliandika Wicked. Alimpa mchawi utoto, shule, rafiki, na jina: Elphaba. Jina hilo alilitunga kutokana na herufi za kwanza za jina la Baum mwenyewe, L, F na B. Elphaba alizaliwa na ngozi ya kijani, akachekwa tangu siku ya kwanza. Hadithi hiyo ikawa mchezo wa kuimba katika jumba la New York mwaka 2003, kisha sinema mbili, moja ya 2024 na ya pili ya 2025.

Yafaa tuone tofauti moja. Katika kitabu cha Maguire, Elphaba anakufa kwa maji kama Baum alivyosema. Mwisho haukuhamishwa. Lakini katika mchezo wa kuimba Elphaba anajifanya amekufa, kisha anatoroka kwa siri. Watazamaji hufurahi sana, nami siwalaumu. Walakini najiuliza: je, hadithi inaponong'ona kwamba maji hayakumdhuru, haijamwondolea mchawi mzigo wa maisha yake? Katika Mufasa haikuwa hivyo. Twaona baba yake Taka akimfundisha kwamba udanganyifu ni silaha ya mfalme. Twaona aibu yake alipokimbia mama yake aliposhambuliwa, na Mufasa akabaki kupigana. Twamhurumia. Lakini anapokwenda kwa adui na kumwuza nduguye, hakuna anayesukuma mguu wake. Hata jeraha lake alilipata akimkinga Mufasa, na bado halikufuta alilotenda. Tulimwelewa, hatukumtangaza kuwa hana hatia. Hayo ni mambo mawili.

Hapa Uganda tunaye Jennifer Nansubuga Makumbi. Riwaya yake Kintu, iliyotoka mwaka 2014, si ya watoto wadogo, lakini njia yake ni hiyohiyo. Yaonyesha ukoo wa leo unaoteseka, kisha inarudi mpaka mwaka 1750 kutafuta ufa. Inaukuta katika kofi moja: Kintu Kidda alimpiga mwana aliyemlea, na mtoto yule akafa. Hakukusudia kuua. Lakini mtoto alikufa, na baba mzazi wa mtoto akamlaani. Mwandishi hakuficha lolote kati ya hayo mawili.

KOSA LANGU

Sasa nieleze kazi yangu mwenyewe. Nilichagua hadithi ya Kintu na Nambi, ambayo kila mtoto wa Buganda huisikia kabla ya kujua kusoma. Kwa wasomaji wasioijua, ni hivi. Kintu alikuwa peke yake duniani na ng'ombe wake mmoja. Nambi, binti Ggulu wa mbinguni, akampenda. Baada ya kumjaribu sana Kintu, Ggulu alikubali waoane, akawaambia washuke duniani upesi, wala wasirudi nyuma hata wakisahau kitu, kwa kuwa Walumbe, kaka yake Nambi, hayupo, na akirudi atataka kuwafuata. Walumbe ndiye Mauti. Wakaondoka na mifugo, kuku na mgomba. Njiani wakakumbuka kwamba ulezi wa kuku umesahauliwa. Wakarudi kuuchukua, Walumbe akawaona, akafuatana nao. Duniani akaomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kazi, akanyimwa, ndipo watoto wakaanza kufa. Ndugu mwingine, Kayikuzi, aliletwa amkamate, lakini Walumbe akazama ardhini pale Ttanda, upande wa Mityana, ambapo mashimo yake huonyeshwa hata leo.

Mimi nilijiona hodari. Nilisema, kama Maguire alimpa mchawi jina na machozi, nami nitampa Walumbe. Nikaandika kurasa sita. Nilimwonyesha Walumbe kama kaka aliyependa sana dada yake, akasafiri kumtafutia zawadi, kumbe nyumbani watu wote walikuwa wakipanga harusi ifungwe kabla hajarudi. Aliporudi akakuta nyumba tupu. Niliandika kwamba yeyote angefanya kama alivyofanya. Nikadhani nimemaliza.

Likizo nilikwenda Mityana kwa Jajja, yaani bibi yangu mzaa mama, ambaye ndiye aliyenisimulia hadithi hii. Tulikuwa tumekaa nyuma ya jiko tukimenya matoke, nikamwomba nimsomee kwa Kiganda. Alisikiliza mpaka nilipofika pale Walumbe analia mlangoni. Kisu chake kikasimama. Akasema, "Umeandika vizuri, mjukuu wangu. Sasa inuka, nenda ukamsomee mama yako."

Mama yangu alifariki nilipokuwa na miaka minane. Kaburi lake liko palepale, nyuma ya migomba, hatua hamsini toka jikoni. Nilikwenda, nikasimama na karatasi zangu mkononi, sikuweza kusoma hata mstari mmoja.

Niliporudi nilimwambia, "Jajja, nisamehe, nitazichoma." Akakataa. Alisema, "Sikukatazi kumsikiliza Walumbe. Hata mimi nimemwuliza maneno mengi usiku. Lakini wewe umemsikiliza yeye peke yake. Watoto waliokufa umewapa nini? Na Nambi umemfanya mjinga aliyesahau gunia. Kwa nini walirudi? Kuku walikuwa hawana chakula. Wewe ungewaacha?"

Ndipo nilipoanza kuelewa somo ambalo mwalimu alitaka tulione. Wasimulizi wa hadithi hii hawakubaliani hata juu ya nani aliyerudi. Wako wasemao ni Nambi, wakamtwika lawama ya kifo cha watu wote. Wako wasemao ni Kintu mwenyewe aliyekwenda, asisikie aliyokatazwa. Basi kumbe hata hadithi ya zamani ilikuwa imeshachagua upande kabla yangu! Mimi nilidhani kwamba nikimtetea mmoja nimetenda haki, kumbe nilihamisha tu giza kutoka mlango mmoja kwenda mlango mwingine.

Nilimkumbuka pia Digory na kengele yake. Katika kitabu hichohicho mama yake Digory yu mgonjwa karibu kufa, naye mwisho anapewa tunda kutoka Narnia, mama anapona. Lewis mwenyewe alifiwa na mama yake mwaka 1908, akiwa na miaka tisa, wala hapakuwa na tunda. Zamani nilifikiri alijidanganya kwa kuandika hivyo. Sasa sidhani. Hakuandika kwamba mauti ni rafiki aliyeonewa. Aliandika kwamba mtoto alimpenda mama yake, na hilo lilikuwa kweli kabla ya mauti kufika, na lilibaki kweli baadaye.

JINSI NILIVYOANDIKA MARA YA PILI

Nilianza na usiku wa kuamkia safari. Nambi anafunga mizigo gizani, kwa haraka, bila kuwasha moto, asije mtu akamwona. Anahesabu: ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, mgomba. Walumbe nilimpa nafasi yake, ukurasa mmoja, na chozi lake sikulifuta, kwa kuwa kumficha kaka harusi ya dada yake ni ufa kweli. Lakini sikuandika tena kwamba yeyote angefanya kama yeye. Kisha wakashika njia. Nambi anatembea akimtajia Kintu majina ya watoto atakaomzalia, mmoja baada ya mmoja, na Kintu anacheka kwa kuwa ni mengi mno. Jina moja katika hayo ni la mama yangu. Kisha jogoo anawika kwa njaa, Nambi anasimama njiani. Hapo nikaweka nukta, kwa maana yaliyobaki kila mtu anayajua.

Mwalimu alinipa alama 14 katika 20, akaandika pembeni kwamba mwanzo ni mrefu na nimeendekeza mbuzi. Nimekubali. Nilipomsomea Jajja kwa simu, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo wa sita umempa jina zuri."

KANUNI NNE KWA ATAKAYEANDIKA

Kwanza, usihamishe mwisho. Aliyekufa katika hadithi ya zamani amekufa. Kazi yako ni kutufanya tumfahamu kabla hajafa.

Pili, tafuta ufa, usitafute udhuru. Ufa huonyesha ubaya uliingilia wapi. Udhuru husema haukuwa ubaya.

Tatu, usimpe sikio mtu mmoja tu. Ukimpa mbaya kurasa sita, jiulize waliodhurika wana kurasa ngapi.

Nne, komea pale hadithi ya zamani inapoanzia. Msomaji ataingia mwenyewe, na ataingia akiwa na macho mengine.

Kama mtu ataniuliza swali lililo juu ya makala haya, je, mbaya alizaliwa mbaya, nitajibu hapana. Taka alizaliwa mtoto wa kucheza, na Elphaba alizaliwa mtoto wa kuchekwa. Lakini kutozaliwa mbaya si sawa na kutotenda mabaya, na hadithi inayosahau mojawapo ya hayo mawili ni nusu ya hadithi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Sungura katika hadithi zetu hudanganya wanyama wote na sisi hufurahi. Andika kisa cha kabla cha mnyama mmoja aliyedanganywa naye.

2. Mwulize mzee wa kwenu nani aliyerudi kuchukua ulezi, Kintu au Nambi. Kisha mwulize alisimuliwa na nani.

3. Je, yafaa mwandishi kuhamisha mwisho wa hadithi ya zamani ili kuwafurahisha watu? Toa sababu.

Natumaini wasomaji watanisamehe makosa yangu ya lugha, kwani Kiswahili nimekijifunzia darasani wala si lugha ya mama. Nanyi kaka zetu wa zamani, kama mnazo namna nyingine za kusimulia hadithi hii jinsi mlivyoisikia kwenu, tafadhali mwandikieni mhariri. Jajja angependa kuzisikia zote.